Tumsubiri Mtoto Akojoe

"Ataje tu! Ataje, tumalize..."

"Mama, atajwe nani? Unataka amtaje..."

"...maji hayaondoki tumboni hivihivi, mimi nimezaa sita..."

"...hata ungezaa kumi na sita, hilo haliku..."

"...sita! Na hakuna hata mmoja aliyenikaukia ndani!"

"Mama, niache nimalize!"

"Na wewe niache nimalize! Msomi nusu wewe!"

Hapo tumesimama pembeni ya barabara, kabla kidogo ya kufika Segera, milango ya Probox iko wazi, na dada yangu Hilaria yuko nyuma ya kichaka anakojoa. Ndiye anayegombewa. Bi Tatu, mama mkwe wake, kakaa kiti cha mbele, miguu kaitoa nje, yeboyebo zake za plastiki kazivua kwa sababu zinambana, moja kaishika mkononi, na hiyo ndiyo ananinyooshea puani kila akifika kwenye "sita". Jabiri, mume wa dada yangu, mtoto wa huyo mama, kakamata usukani kwa mikono miwili kama vile tunapita kona za milimani. Gari limezimwa.

"Kila tukienda kidogo anashuka," Bi Tatu akaendelea. "Mimi tangu tutoke Kwamsisi umeniona nimeshuka? Siku hizi natoka asubuhi, narudi jioni, choo sikijui. Nyie wa sasa mmelegea mpaka vibofu."

"Ana mimba, mama. Mtoto kamkalia kibofu," nikasema.

"Mtoto gani? Si mmeambiwa hana figo?"

Nikamwangalia Jabiri. Nilitaka aseme kitu. Hata "mama" tu, basi. Akafuta vumbi la dashibodi kwa kidole, akakiangalia kidole.

Sasa nikwambie kwa nini siku hiyo nilikuwa natamani kung'ata tairi.

Hilaria ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Tumbo likawa halikui. Kila akienda kliniki nesi anampima kwa utepe, anakunja uso, anapima tena. Mwisho wakamwambia akapige utrasaundi. Jumanne Jabiri akampeleka kwenye kituo kimoja cha watu binafsi Handeni mjini, jina silitaji, maana nikianza kulitaja sitaishia kwenye jina. Wakamkuta kijana mmoja kavaa koti jeupe. Akampaka jeli, akapitisha kile kidude tumboni mara mbili tatu, mkono wa pili unachati. Halafu akasema, macho yako kwenye simu: maji ya uzazi yamekwisha, kibofu cha mtoto hakionekani, maana yake mtoto hana figo, na mtoto wa hivyo haishi. Rudini Alhamisi mimba itolewe. Akampa tishu ajifute.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda pale Segera. Nikimbadilishia mtu kioo natumia muda mrefu kuliko huyo kijana alivyotumia kwa dada yangu. Na simu haina mama wa kulia.

Habari ikafika Kwamsisi kabla yao. Bi Tatu na wadogo zake wawili wakajifungia jikoni. Kwa hao wamama watatu, maji ya uzazi yakikauka maana yake mwanamke katoka nje ya ndoa. Mtoto kakasirika, kafunga bomba. Dawa ni moja: mwanamke amtaje huyo mwanaume, kwa jina, mbele ya wamama. Hilaria akasema sina wa kumtaja. Wakamwambia fikiri vizuri. Fikiri vizuri! Kama vile kasahau alipoweka kisu.

Na kinachoniuma zaidi, kabla ya hiyo Jumanne, Bi Tatu na Hilaria walikuwa kitu kimoja. Sisi kwetu Dindira, milimani, mama yetu alishafariki, na dada yangu alipoolewa huko chini alimpata huyu. Akiumwa mgongo, Bi Tatu ndiye anamkanda. Akichoka shambani, Bi Tatu ndiye anambebea kuni. Hilaria akinipigia simu ni "mama kasema", "mama kanipikia". Mpaka nikawa naona wivu. Leo mama huyohuyo anamwita nini, sirudii.

Jumanne hiyohiyo jioni Hilaria akanipigia. Akasema, "Kaka, kesho kutwa wananitoa mtoto." Akakata.

Kesho yake asubuhi nikafunga kibanda, nikapanda gari la kwanza mpaka Kwamsisi. Nikamwambia Jabiri aazime Probox ya rafiki yake, tunampeleka Korogwe akapimwe upya. Jabiri akasema sawa. Bi Tatu akasema na yeye anakuja. Akashuhudie, eti. Akavaa khanga zake mbili, akafunga pindo lake fundo kama kawaida yake, akakaa mbele.

Hilaria akarudi kutoka kichakani, anatembea kashika kiuno. Alikuwa amesikia kila kitu, hicho kichaka si ukuta. Akapanda nyuma, akafunga mlango polepole.

"Kaka, twende," akasema. "Mkimaliza kugombana nitakuwa nimezaa."

Hospitali ya Korogwe tulimkuta mpimaji anaitwa Fausta. Mwanamke mfupi, sauti ya mtu aliyelea wadogo zake wengi. Akamwamkia Bi Tatu shikamoo, akaitikiwa marahaba, basi adabu ikaishia hapo.

"Mgonjwa ni nani? Huyu? Panda. Nyie wengine benchi lile pale ukutani, na sitaki mkutano."

Akaanza kumuuliza Hilaria. Maji yamewahi kukutoka, nguo ikalowa? Hapana. Presha? Kliniki wanasema iko sawa. Mtoto anacheza? Anacheza, lakini kama mtu aliyebanwa. Kuna dawa yoyote unatumia?

"Hapana. Zile za kuongeza damu tu, za kliniki."

Taa ikazimwa. Kwenye kioo cha mashine tukaanza kumuona mtoto, vipande vipande: mbavu, kichwa, mkono umekunjwa. Moyo unagonga mbio. Fausta akaligawa tumbo mafungu manne, na kila fungu akawa anatafuta kidimbwi cheusi, maana maji kwenye ile mashine ni meusi, anapima kina chake. Alikuwa kama mtu anayechungulia visima vya Handeni mwezi wa ukame.

"Kidogo," akasema. Akahama. "Kidogo." Akahama. "Hapa hakuna kitu." Akahama. "Kidogo."

"Ndiyo yamekauka hayo," Bi Tatu akasema.

"Yamepungua, mama." Fausta hakugeuka. "Sikilizeni, nisiulizwe mara mbili. Mimba ikiwa kubwa hivi, maji ya uzazi mengi yake ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anayameza, anayakojoa, anayameza tena. Kwa hiyo yakipungua najiuliza: chupa inavuja? Anasema hapana, na sioni dalili. Kondo la nyuma halimlishi? Damu ya kwenye kitovu naiona inapita vizuri. Basi nabaki na moja. Mtoto anakojoa au hakojoi?"

"Mkojo?" Bi Tatu akashika kifua. "Mtoto anaogelea kwenye mkojo wake? Astaghfirullahi."

"Sasa unajua kwa nini wote tulizaliwa tunalia," nikamwambia.

Hilaria akacheka kidogo, tumbo likatikisika, Fausta akaniambia nikifungua mdomo tena nitasubiri nje na mbuzi. Nje kweli kulikuwa na mbuzi.

Akashuka na kile kidude mpaka kwenye nyonga ya mtoto. Akatafuta. Akasogeza, akabonyeza, akasogeza. Nikaanza kusikia feni ya mashine.

"Kibofu sikioni," akasema.

Hilaria akafumba macho. Jabiri akainamisha kichwa. Na Bi Tatu, wala hakusubiri, akasema, "Si niliwaambia hana?"

"Mama, mimi nimesema sikioni. Sijasema hakipo." Fausta akawasha taa. "Wewe ukitoka chooni sasa hivi nikakupima, kibofu chako nitakikuta na nini? Si kitupu? Cha mtoto ni hivyohivyo. Kinajaa, anakimwaga, kinaanza upya. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuzidi. Huenda tumemkuta ndiyo katoka kukojoa. Figo nahisi naziona, ila maji yakiwa machache picha inakuwa ukungu, siwezi kuapa. Kibofu ndiyo shahidi. Kikijaa, figo zipo na zinafanya kazi. Tunamsubiri."

"Tunasubiri nini?" Jabiri akauliza. Neno lake la kwanza tangu Kwamsisi.

"Mtoto ajaze kibofu, baba. Huko Handeni walimsubiri?"

"Walisubiri meseji," nikasema.

Safari hii hakunifukuza. Akashusha pumzi kwa hasira, akatoka kwenda kumuangalia mgonjwa wa chumba cha pili.

Tukabaki wanne. Hilaria kalala ubavu, tumbo linang'aa jeli. Nikafanya hesabu ya haraka kichwani: huyu kijana wa Handeni angechungulia tu mara ya pili, dada yangu asingelala usiku kucha kwenye kitanda chake akiomboleza mtoto anayempiga mateke. Mimi nikikasirika nafanya ujinga, ndivyo nilivyo. Nikasogea kitandani, nikainama mpaka mdomo ukafika karibu na tumbo, nikaanza ile sauti ambayo mama zetu wote walitupigia wakituinua miguu juu ya majani:

"Suuuuuu. Suuuuuu, mjomba. Kojoa mjomba. Suuuuu."

Hilaria akaziba mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka, ila anacheka.

"Toka hapo!" Bi Tatu akasimama. "Hapa ni mahali pa mchezo? Mwanangu kaoa, hana mtoto, na nyie mnapiga miluzi! Mlivyoshuka huko milimani kwenu mkidhani kila kitu utani! Badala umwambie dada yako aseme ukweli..."

"Ukweli upi? Mama, mwangalie! Mwangalie anavyofanana na mtu mwenye nguvu ya kutafuta bwana! Anaamka na wewe, analima na wewe, anakula na wewe. Huyo bwana wanakutana saa ngapi, kwenye sufuria?"

"Usinipandishie sauti, mimi ni mama yako!"

"Ni mama yake huyu pia! Juzi tu ulikuwa mama yake!"

"Acheni," Hilaria akasema. Akajaribu kujigeuza, uso ukamkunjamana. "Acheni. Mgongo."

Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka sijui nicheke au nipige ngumi ukuta. Bi Tatu akaacha kugombana. Hivyo tu, kama redio iliyozimwa. Akasogea kitandani, akamuweka Hilaria mkono mgongoni, akamsugua. Halafu akafungua fundo la pindo la khanga yake, akatoa kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi, akabinya kidonge kimoja kwenye kiganja, akampa. Hilaria akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti la kichwa tu kwa sababu kalala, akafungua mdomo.

"Simama hapohapo!"

Fausta yuko mlangoni. Sijawahi kuona mtu mfupi akivuka chumba upesi vile. Akamkamata Hilaria mkono.

"Hii nini?"

"Cha mgongo," Bi Tatu akasema. "Mimi nakunywa vya magoti, na mgongo vinasaidia. Nanunua gulioni."

Fausta akachukua kile kipande cha pakiti, akakipeleka dirishani. Jina lilikuwa limekatwa katikati, ila alilisoma.

"Diklofenaki," akasema. Akamgeukia Hilaria, na sasa sauti yake ikawa ya chini, ile ya chini inayotisha. "Anakupa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mama akinywa, na mimi ananipa."

"Tangu lini?"

"Tangu palizi. Mgongo ulinianza kwenye palizi."

"Palizi ya mahindi? Miezi miwili hii? Mimi si nimekuuliza hapa kama unatumia dawa yoyote?"

Hilaria akamwangalia kama hajaelewa swali.

"Ile siyo dawa, dada. Ile ananipa mama."

Na alikuwa hadanganyi. Nyumba ile mimi naijua. Kinachotoka kwenye pindo la khanga la mama mkwe hakiulizwi jina. Kiwe karanga, kiwe hirizi, kiwe kidonge, mkwe anapokea kwa mikono miwili, anaweka mdomoni mama akiona. Ukikataa umemkataa mama. Ukienda kumwambia nesi, umemshitaki mama. Dada yangu kaulizwa kliniki, kaulizwa Korogwe, na kote kajibu hapana kwa moyo mweupe kabisa.

"Hii dawa," Fausta akasema, kaishika kwa ncha za vidole kama mjusi aliyekufa, "mama mjamzito akiitumia mimba ikishakuwa kubwa, inavuka inakwenda kwa mtoto. Inazibana zile figo ndogo. Mtoto anapunguza kukojoa. Akipunguza kukojoa, maji yanapungua. Hakuna bwana hapo. Hakuna mkosi. Mmembana mtoto figo asubuhi na jioni, halafu mmekaa mnamuuliza mama yake kafanya nini!"

Nikamgeukia Bi Tatu.

"Ataje!" nikapiga kelele. "Haya mama, si ulitaka jina? Jina limepatikana! Liko kwenye pakiti, nusu yake, nusu nyingine umeifunga kwenye khanga! Waite wadogo zako jikoni, uwatajie!"

"Mimi sikujua..."

"Hukujua! Ila la bwana ulilijua! Hilo hukuhitaji kupima!"

"Nilikuwa namuonea huruma! Analia mgongo usiku, mimi nimuache? Nilimpa kilekile ninachokula mimi! Nimpe sumu mkwe wangu, mimi?"

"Mama." Alikuwa Jabiri. Kasimama, na kwa mara ya kwanza niliona kumbe ni mrefu. "Mama, jana uliwaambia mama wadogo kwamba mke wangu malaya. Nilikuwa nje ya dirisha. Nikakaa kimya. Sasa nakuomba na wewe ukae kimya."

Bi Tatu akakaa. Benchi likalia.

"Mmemaliza?" Fausta akauliza. "Kama mmemaliza, zima taa."

Nikazima mimi. Jeli nyingine, kidude tumboni, kioo kikawaka. Mbavu. Uti wa mgongo kama zipu. Akashuka nyonga. Akasimama.

"Njoo, baba," akamwambia Jabiri. "Njoo na wewe mwenye miluzi. Mnaona hapo?"

Kulikuwa na kitone cheusi. Kidogo, kama punje ya haragwe, lakini cheusi tii, kingo zake safi. Mwanzoni hakikuwepo, hilo naapa, maana nilikuwa nimepatazama pale mpaka macho yakauma.

"Hicho ni kibofu. Kimeanza kujaa." Akakipima, akasubiri, tukasubiri naye. Akakipima tena. "Kinaongezeka. Polepole, lakini kinaongezeka. Figo zipo. Zimebanwa, hazijafa."

Hilaria alimshika Fausta mkono wenye kile kidude, akaung'ang'ania, picha ikaruka ovyo kwenye kioo.

"Niachie nifanye kazi, mama," Fausta akasema, na hakuutoa mkono. "Sijasema yameisha. Nimesema anakojoa. Hiyo dawa usiiguse tena, ya kwa mama wala ya kwa nani. Mgongo kuna dawa nyingine, nitakuandikia umuone daktari leo hii hii. Mara nyingi ikiachwa, maji yanarudi. Wiki ijayo uje nipime, na nitapima mpaka niridhike. Ila kesho hakuna mtu anayekwenda kutolewa mtoto Handeni."

Jabiri akaenda akasimama akitazama ukuta. Mabega yanacheza.

Mimi, badala ya kufurahi, nikazidi kuchemka. Ni kweli. Furaha ilikuja siku nyingine. Siku hiyo nilikuwa nataka haki. Nilitaka Bi Tatu ashuke kwenye lile benchi, aombe radhi, kwa sauti, kwa maneno yaleyale aliyomtukania, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimeshayapanga nitakavyomkumbusha atakayoyaruka. Taa ikawashwa, nikamgeukia.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa kainama, anautazama mguu wake mwenyewe, yeboyebo iko sakafuni. Akaweka kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akabonyeza, akakitoa. Shimo likabaki. Akalitazama lile shimo, likakaa tu halifumbi, kama alama ya kidole kwenye ugali.

"Sista," akasema, na hiyo sauti sikuijua. "Hivyo vidonge vinabana figo za mtoto tu?"

Fausta alikuwa anafuta kidude kwa kitambaa. "Za mtu yeyote, mama. Mtu mzima akivila kila siku miaka na miaka, na zake zinaumia. Kwa nini?"

Bi Tatu alisimama, akashika ukuta, akaja mpaka kitandani miguu mitupu. Nikajiandaa. Hilaria naye akajivuta nyuma kidogo, akashika tumbo.

"Hilaria, mwanangu," Bi Tatu akasema. "Nipishe hapo kitandani, nipande na mimi, nipimwe."